Mwalimu Aliyetupeleka Mbalibali

Mwalimu wetu wa kliniki alifundisha huku anaondoka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, mkoba begani, funguo za gari zinalia mkononi, na hapo ndipo alipolisema jambo lenyewe. Muda wote wa kabla ya hapo alikuwa anazunguka darasa, anafungua dirisha, analifunga, anaita majina yetu moja moja kana kwamba kuna mtu kapotea. Wanafunzi wapya walidhani ana safari. Mimi niliyekaa karibu naye kwa miaka najua kwamba mara nyingi hakuwa na pa kwenda. Ni kwamba hakuweza kuvumilia kuona watu wazima wamekaa wanaandika maneno yake wakati mahali fulani kuna mtu anangoja kusikilizwa.

Sijui alizaliwa wapi. Lafudhi yake haikuwa ya Mara wala ya Mwanza, na ukimuuliza kwao ni wapi alijibu, "Kwa sasa ni hapa," hata kama hapo penyewe ni kituo cha mafuta cha Lamadi na tunangoja pancha izibwe. Hatukumjua mume, hatukumjua ndugu. Tulijua gari la kitivo ambalo aliliendesha mwenyewe kwa sababu madereva walichoka naye, mabuti ya mpira yaliyolala nyuma ya kiti, na tangawizi mbichi aliyoitafuna kama watu wengine wanavyotafuna karanga.

Chuo chetu kilikuwa Mwanza. Kliniki ya sheria lilikuwa somo la miaka ya mwisho, ambamo mwanafunzi anakutana na watu wenye mashauri ya kweli, chini ya usimamizi wa mwalimu na wakili. Kabla yake, somo hilo lilimaanisha kupelekwa kwenye ofisi za mawakili wa mjini, ambako wenzetu walibeba mafaili, wakaagiza chai, wakarudi na ripoti nzuri. Yeye alikuja akalivunja. Alisema mwanafunzi hawezi kujifunza kazi kwa kumtazama mtu anayesaini. Akatafuta washirika mahali ambapo hakuna aliyewahi kutafuta: ofisi ndogo ya msaada wa sheria pale Tarime, yenye wakili mmoja na feni iliyokufa, na kikundi cha wasaidizi wa kisheria wa Mugumu, watu wa kawaida waliopata mafunzo ya kuwasaidia wenzao. Chuo kitoe wanafunzi, wale watoe kazi na usimamizi. Ndio huo uliokuwa ushirikiano wote.

Mimi ni mtoto wa Tarime. Katika kundi letu nilikuwa Mkurya peke yangu, kwa hiyo nikawa mkalimani kabla sijawa mwanasheria. Labda ndiyo maana alinitumia kuliko wengine, na labda ndiyo maana nilimwona kwa karibu zaidi.

Siku ya kusaini makubaliano kulikuwa na bango, maua ya plastiki na mkuu wa kitivo aliyezungumza kwa kirefu kuhusu daraja kati ya nadharia na vitendo. Katikati ya hotuba, mwalimu wetu akainuka akatoka. Ukumbi mzima uliona. Nilitumwa kumfuata, nikamkuta koridoni na yule wakili wa Tarime, wanabishana.

"Wasichana watalala wapi?" alikuwa anauliza.

"Mwalimu, hilo tutalipanga."

"Lini? Wakishafika? Na siku ukienda mahakamani Musoma, nani anafungua ofisi?"

Nikamwambia kwamba anasubiriwa mezani. Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Hotuba itaisha yenyewe, Robi. Magodoro hayatajipata yenyewe."

Alirudi akasaini amesimama, bila kuvuta kiti. Mkuu wa kitivo hakumsamehe. Lakini nimeona makubaliano mengi ya namna hiyo tangu wakati ule, yenye mihuri na picha za pamoja, yakifa kabla mwaka haujaisha. Lile liliishi, na naamini liliishi kwa sababu ya yale maswali ya koridoni.

Alitufundisha kusikiliza, na alikuwa mkatili katika hilo. Ukimaliza kuzungumza na mteja hakukuuliza kifungu gani kinahusika. Alikuuliza, "Alimtazama nani kabla ya kukujibu? Ulipomtaja kaka yake, mikono yake ilifanya nini?" Kama hujui, alikurudisha. Niliwahi kumpelekea maelezo niliyoyaandika kwa siku nzima, ya mzee aliyenyang'anywa eneo la malisho. Akasoma huku anatembea uwanjani, akanirudishia. "Vifungu naviona," akasema. "Mtu simwoni. Anaitwa nani huyu mzee wakati hayuko kwenye karatasi yako?"

Mwenzetu mmoja, Deo, alikuwa hodari kuliko sote. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, anaijua sheria kwa namba na kwa aya, na alikuja Mara na suti mbili. Mwalimu alimpenda na alimwandama. Tulipokwenda Nyakunguru, ambako wachimbaji wadogo wawili waliokuwa washirika walikuwa wanagombania duara, yaani shimo lao la dhahabu, Deo ndiye aliyepewa nafasi ya kuzungumza. Akasimama mbele ya watu waliokaa juu ya viroba vya mawe, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, limewatia weupe nyusi, akawaeleza sheria ya madini tangu mwanzo wake. Alisema vizuri. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mwalimu akamgeukia mmoja wa wale wawili na kumuuliza, "Kijana wangu amesema nini?"

Yule bwana akafikiri. "Amesema tutafungwa," akajibu.

"Wote wawili?"

"Wote wawili, na aliyetuuzia mashine."

Watu wakacheka, hata Deo mwishoni. Lakini mwalimu hakucheka. Tukiwa njiani kurudi alimwambia, taratibu kuliko alivyokuwa akizungumza nasi siku zote, "Walikuja pale wanagombana, tumewaacha wanaogopa. Kesho unarudi. Usiseme kitu mpaka wamalize wao." Deo akarudi, bila suti. Wale washirika wawili waligawana zamu za kuchimba na wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Deo bado anaitaja siku hiyo kuliko siku aliyoapishwa kuwa wakili.

Huyo huyo mwanamke aliyetaka tusikilize, yeye hakuwasikiliza wenzake hata kidogo. Kwenye vikao vya kitivo alimkata mtu sentensi akaimalizia mwenyewe, na mara nyingi aliimalizia vibaya. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alitoka kwenda kulitazama gari. Alituonya tusipokee hata yai kutoka kwa mteja, kisha tukamkuta jikoni kwa mteja huko Nyansurura anakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, ameshamsahau kila mtu. Tulipomtazama akasema, "Hiki si zawadi. Hii ni njaa." Kwa wazee tu ndipo alipokuwa na subira. Salamu za kwetu ni ndefu. Unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za uliowaacha njiani. Alizipokea zote, alisema shikamoo na kungoja marahaba yake, akajaribu na Kikurya chake kibovu kilichowafurahisha wazee. Lakini ukitazama chini ya meza ungeuona mguu wake mmoja unacheza muda wote.

Kanuni aliyoirudia kuliko zote ilikuwa moja: usimwahidi mteja kitu. Sema utafanya nini, usiseme utapata nini. Alituimbia hivyo ndani ya gari, kwenye simu, kwenye foleni ya choo. Nami nilikuwepo siku alipoivunja.

Ilianza na neno lenyewe, kliniki. Wasaidizi wa kisheria wa Mugumu walitangaza kwa kipaza sauti kwamba siku fulani kutakuwa na kliniki ya bure Mbalibali. Tulipofika tukakuta akina mama wamejipanga na watoto wenye homa, na kadi za chanjo mikononi. Tuliona aibu. Deo akaanza kueleza kwamba sisi si madaktari, na watu wakaanza kunung'unika na kuondoka. Mwalimu akapita katikati yao, akagusa paji la uso la mtoto mmoja, akauliza mama yake ni nani.

Akainuka mwanamke kijana, mwembamba, kanga yake imepauka. Jina lake Ghati.

"Huyu mtoto anachemka," mwalimu akasema. "Panda gari. Robi, panda uniambie anachosema."

Tukawapeleka zahanati, na ni kwenye gari, mtoto amelala mapajani kwangu, ndipo Ghati aliponieleza kwa Kikurya jambo ambalo hakulijia. Hakuwa na habari ya wanasheria. Alisema tu kwamba mtoto amepata homa kwa kulala nje, na wamelala nje kwa sababu nyumba imefungwa kufuli.

Ghati alikuwa ameolewa kwa nyumba ntobhu. Kwetu jambo hili ni la kawaida, ila nililazimika kulieleza kwa wenzangu mara nyingi mwezi ule. Mama mtu mzima ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti, binti anakuja kukaa kwake kama mkamwana, na watoto atakaowazaa wanakuwa watoto wa nyumba ile, wanabeba jina lake, wanarithi. Mwanamume aliyewazaa hana sauti. Yule mama aliyemtolea Ghati ng'ombe alikuwa amefariki baada ya mavuno, na kabla matanga hayajapoa, Marwa, mtoto wa shemeji ya marehemu, alikuja na kufuli. Alimwambia Ghati kwamba hakuna ndoa ya mwanamke na mwanamke, kwamba yeye ni kibarua aliyefiwa na tajiri yake, na kwamba amekwenda mahakama ya mwanzo kuomba awe msimamizi wa mirathi ya marehemu.

Nilimtafsiria mwalimu huku anaendesha. Alisimamisha gari katikati ya barabara. Akageuka nyuma, akamtazama Ghati kwa macho yake mawili, akasema kwa Kiswahili, "Hutanyang'anywa nyumba ile."

Nilidhani nisipotafsiri, neno litakuwa halijasemwa. Ghati akaniuliza, "Amesema nini?" na mwalimu akasema, "Mwambie, Robi." Nikamwambia.

Wiki zilizofuata sijawahi kuona mtu akihangaika vile. Alitembea uani kwenye ofisi ya wale wasaidizi wa Mugumu mpaka nyasi zikalala. Sisi tulikaa ndani na vitabu. Deo alikuwa na hoja ngumu, na ilikuwa ya kweli: sheria ya ndoa inazungumzia mwanamume na mwanamke. Tukisimama kusema Ghati ni mke, tumekwisha.

"Sheria haimjui, mwalimu," Deo akasema.

"Usimwambie hivyo tena. Tafuta mahali ambapo sheria inamjua."

"Kama hapapo?"

"Basi endelea kutafuta mpaka nichoke mimi."

Tulipapata kidogo kidogo. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mila katika mirathi. Haikuwa lazima kubishania ndoa. Swali lingekuwa watoto ni wa nyumba ya nani, na wanaoweza kujibu ni wazee wa ukoo. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kumsemea mtu mahakamani, na mawakili nao wakati ule hawakuruhusiwa mahakama ya mwanzo. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumwandaa Ghati asimame kwa miguu yake, na kutafuta mzee atakayesema.

Kumwandaa kulitushinda mwanzoni. Tulimkalisha kwenye kiti, Deo akajifanya hakimu, nami nikajifanya Marwa. Ghati alitazama sakafu. Mwishowe akaniambia, "Mnaniuliza niseme mimi ni nani. Nikisema mke, wanacheka. Nikisema mtoto, si kweli. Nikisema mfanyakazi, nimejifukuza mwenyewe. Nyinyi mliosoma mnaniitaje?"

Nikatafsiri. Mwalimu akatoka nje, akarudi, akachuchumaa mbele ya kile kiti, magoti yake yakalia. "Mwambie asijiite chochote," akasema. "Aseme alifanya nini tangu siku aliyofika. Nani alimpokea. Alilima wapi. Alimuuguza vipi yule mama. Hakimu atatafuta jina mwenyewe, ndiyo kazi aliyoajiriwa."

Mzee tulimpata upande wa pili wa kijiji, mkubwa wa ukoo alikoolewa marehemu, ambaye hakutaka kuingia kwenye ugomvi wa watoto. Nilitumwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda nikazungumza naye kwa Kikurya mpaka ng'ombe wakarudi zizini.

"Tata," nikamwambia, kwa maana ya baba, "Marwa anasema nyumba ile haikuwa na watoto."

"Marwa ana njaa ya shamba."

"Basi waeleze mahakamani."

"Binti, nikienda kule nitakuwa nimemshtaki mtoto wa ndugu yangu."

"Usipokwenda, utakuwa umekubali kwamba nyumba ntobhu ni utani. Na wewe mama yako alikuzaa katika nyumba ya nani?"

Hilo la mwisho, kwamba naye ni mtoto wa nyumba ntobhu, nilikuwa nimelisikia kwa shangazi yangu. Sikujua kama ni adabu kulisema. Mzee akainuka kwenda kufunga zizi, na aliporudi akaniuliza siku ya shauri.

Siku hiyo ikaangukia kwenye wiki ya mitihani. Mkuu wa kitivo akasema atakayekosa atarudia mwaka. Mwalimu hakutuambia tubaki, na hakutuambia twende. Aliwasha gari akaenda Mwanza, akasimama ofisini kwa mkuu wa kitivo mpaka mtihani wetu mmoja ukasogezwa, akarudi na macho mekundu. Alichokisema huko sikukisikia, ila muhula uliofuata kliniki ilipewa mkuu mwingine, na yeye akabaki mwalimu wa kawaida. Alipoulizwa alisema, "Nimepunguziwa vikao," kama vile ni neema.

Mahakamani tulikaa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, na wazee washauri wawili pembeni yake. Mzee wa ukoo akatoa ushahidi wake kwa kifupi: ng'ombe walitolewa, watu walikula, watoto walipewa majina ya nyumba ile. Kisha akasimama Ghati, mkalimani kando yake. Akaeleza alivyofika, alivyolima shamba la bondeni, alivyomwosha yule mama alipopooza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Marwa akapewa nafasi ya kumuuliza maswali. Akasimama na tabasamu. "Wewe Ghati, waambie hawa. Umeolewa na nani?"

Nilihisi Deo ananibana mkono. Swali hilo tulilifanyia mazoezi na hatukuwahi kupata jibu.

Ghati akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe walipopelekwa kwa baba yangu, wewe ndiye uliyewaswaga," akasema. "Ulifika kwetu umechoka, mama yangu akakupa uji. Wewe niambie uliwapeleka kwa ajili ya nini."

Mkalimani akatafsiri. Mzee mshauri mmoja akaangalia chini kuficha kicheko. Marwa akasema hana swali lingine. Sisi hatukuwa tumejua habari hiyo. Wiki zote zile hakuna aliyewahi kumuuliza Ghati nani aliyeswaga ng'ombe.

Nikageuka kumtazama mwalimu, na hakuwepo. Alikuwa ametoka dakika chache kabla, ameshindwa kukaa, anazunguka lile jengo la mahakama kwa nje. Alilikosa jibu lile. Tulipomweleza alitutaka tulirudie neno kwa neno, kwanza Kiswahili, kisha Kikurya, akawa anatingisha kichwa, akasema, "Tena." Baadaye tulimkuta ameinamisha uso juu ya usukani wa gari.

Hakimu alimkataa Marwa, akamteua mzee wa ukoo kuwa msimamizi, na akasema watoto wa Ghati ni warithi wa nyumba ile. Kufuli lilifunguliwa. Lakini ng'ombe wa nyumba ile Marwa alikuwa amekwisha kuwauza mnadani, na hawakuonekana tena. Kwetu ulikuwa ushindi. Mwalimu hakuukubali. Mwaka mzima aliandika, alipiga simu, alikwenda polisi, alikwenda kwa mzee, akitafuta ng'ombe walioliwa zamani. Ghati mwenyewe alimwambia aache. "Mwambie nyumba ipo," aliniambia. "Mwambie apumzike." Nikamfikishia. Hakupumzika.

Nilimpoteza kwa miaka kadhaa. Nilimaliza, nikaapishwa, nikafungua ofisi ndogo Mugumu. Nilisikia amestaafu, nikasikia amenunua kipande cha ardhi Nyansurura, jambo ambalo sikuliamini mpaka asubuhi moja alipoingia ofisini kwangu, mvi zimejaa, kijiti mkononi, kama mteja.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaanza kuongea kabla sijamvutia kiti. Jirani yake, mzee mfugaji, amemshtaki kwenye baraza la kata. Anadai uzio wa mwalimu wa seng'enge umeziba njia ya ng'ombe kwenda kwenye lambo la maji. Huyo mzee ni mkorofi. Muuzaji alionyesha mipaka. Mwenyekiti wa kijiji anamwonea kwa sababu ni mgeni. Alirukaruka, alirudi nyuma, alinikata nilipouliza. Katika wateja wote niliowahi kuwa nao, sijapata mgumu kama yeye.

Nikamngoja amalize. Kisha nikamuuliza, "Mwalimu, siku ya kwanza ulipokwenda kuliona shamba, ulipita wapi?"

Aligeuza kile kijiti mkononi.

"Ulipita wapi, mwalimu?"

"Kulikuwa na alama za kwato," akasema hatimaye. "Mpaka kwenye maji. Muuzaji alisema ni njia ya zamani, haitumiki."

"Ulimwamini?"

"Nilitaka kumwamini." Akatazama ukutani, kwenye leseni yangu. "Maisha yangu yote nimekaa kwenye nyumba za watu, Robi. Nyumba za chuo, vyumba vya kupanga. Nilitaka mahali ambapo nikisimama nijue panaanzia wapi na panaishia wapi."

Nilijua sheria ya pale, naye aliijua kuliko mimi. Ningeweza kumsaidia kuchelewesha shauri lile kwa miaka. Nikamwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba sitafanya. Alikasirika. Alisema nimekuwa wakili wa kuchagua kesi, akatoka bila kuaga.

Alasiri akapiga simu. "Njoo na koleo la kukatia waya," akasema, akakata.

Nilimkuta kwenye kona ya shamba lake, mahindi yamefika magotini. Yule mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio na fimbo yake, anatutazama kwa mashaka. Mwalimu akampa shikamoo. Mzee hakuonekana kumzidi miaka mingi, ila akaitika. Wakasalimiana yote, mvua, mifugo, nyumbani.

"Nafungua hapa," mwalimu akasema. "Upana wa ng'ombe wawili."

"Watatu," mzee akasema.

"Wawili, tata. Wa tatu atakula mahindi yangu."

"Ng'ombe wangu hawatembei kama askari, mama. Watatu."

Nilikata waya wa kwanza, wa pili, wa chini kabisa uliokuwa umemezwa na majani. Uliruka ukanichana kiganja. Hakuna kati yao aliyeniona. Mzee alikuwa ameshaingia ndani ya shamba, anapima kwa fimbo, na mwalimu anamfuata nyuma, anapima upya kwa kijiti chake, kila mmoja akipata upana wake. Nikawaambia kwamba nitaandika makubaliano wayasaini kesho mbele ya baraza. Mwalimu akasema, bila kugeuka, "Andika wawili na nusu. Na uende, una watu wanakungoja."

Nikaenda. Nilipofika kwenye gari nikatazama nyuma. Walikuwa wameushika waya ule uliokatwa, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanabishana wauviringishe kuelekea wapi, na nyuma yao ng'ombe wa kwanza alikuwa amesimama kwenye mwanya mpya, anatazama ndani, hajaamua.